Choroko za Kuzima Moto

Kubana mkojo si kazi ngeni kwa mwanamke aliyefanya kazi kiwandani. Miaka yote niliyokaa kwenye mstari wa kuunganisha majiko ya umeme ya wali, hapa kwetu Shunde, kusini mwa China, tulikwenda chooni kwa zamu, na msimamizi wetu alikuwa na roho ngumu kuliko chuma tulichokunja. Lakini kubana mkojo huku tumbo linaendesha ni jambo jingine. Hilo hata yule msimamizi angenihurumia.

Nilikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha mionzi, nimekunywa chupa nzima ya maji kama tunavyoagizwa, nimebana magoti, nimeuma meno. Mbele yangu walibaki wagonjwa wawili. Tumbo likanguruma mpaka bibi aliyekaa kando yangu akageuka.

"Ni lako hilo?" akauliza.

"Kwani ulidhani ni la nani? La ukuta?"

Akajisogeza pembeni. Hasira zangu siku zile zilikuwa karibu sana na mdomo, na sikuwa na nguvu ya kuzifungia ndani pamoja na mengine yote niliyokuwa nimeyafungia.

Nina saratani ya mlango wa kizazi. Dawa yake ni mionzi, Jumatatu mpaka Ijumaa, mpaka hesabu ya daktari itimie. Sharti la mashine ni hili: kibofu kijae, utumbo wa nyuma uwe mtupu. Kibofu kilichojaa huyasukuma matumbo juu, nje ya njia ya mionzi. Kikiwa kitupu, matumbo hushuka na kulala palepale panapochomwa. Ni sharti la maana, silikatai, lakini aliyelitunga hakuwahi kuharisha. Ukikimbilia chooni kwa haja kubwa, ndogo nayo hutoka, haiombi ruhusa. Basi unarudi huna kitu, unaanza chupa nyingine, unasubiri upya, na kabla kibofu hakijajaa tumbo limeshakuita tena. Alhamisi ile nilikuwa nimeshazunguka hivyo mara mbili tangu asubuhi.

"Ou Saulin!" aliita Pun, fundi wa mashine.

Nikaingia nikitembea kama bata. Nikalala kitandani, wakanivuta huku na huku mpaka alama walizonichora kiunoni zikakaa sawa na mistari ya taa, wakatoka, mlango mzito ukafungwa. Mashine huzunguka kwanza kupiga picha, ndipo ichome. Katikati ya picha mkazo ukanishika chini ya kitovu, ukanipinda kutoka ndani. Usitikisike, Saulin. Ukitikisika wanaanza upya. Nikamwomba marehemu mama yangu, nikaomba hata mizimu ya ukoo wa mume wangu ambayo sijawahi kuelewana nayo.

Sauti ya Pun ikatoka kwenye spika. "Mama, utumbo umejaa hewa, na kibofu hakijafika hata nusu. Siwezi kuwasha."

"Washa tu. Nitavumilia."

"Si suala la kuvumilia, mama. Nitachoma pasipotakiwa."

"Nimesema washa!"

Hakuwasha. Alikuja kufungua mlango, na namshukuru kwamba alifanya haraka, maana nilipita mbele yake mbio, suruali nimeishika kwa mikono miwili.

Nilipotoka chooni mashine ilikuwa imesimamishwa kukaguliwa, na zamu yangu ya siku imepotea. Pun akaniambia Daktari Mak ananihitaji ofisini kwake.

Mume wangu, Gamtong, alikuwa akinisubiri chini ya ngazi, hotpoti lake mapajani. Alisimama aliponiona.

"Imewaka?"

"Haijawaka."

Uso ulimshuka, lakini mikono yake ikafanya ilichozoea: ikafungua kifuniko, ikamimina. Supu ya choroko na mwani, iliyopoa, na sukari guru kidogo.

"Kunywa kwanza," akasema. "Moto umekuzidi. Tazama midomo yako ilivyokauka."

Nikanywa. Nilikunywa kama nilivyokunywa asubuhi ile, na jana yake, na wiki zote tatu tangu mashine ianze.

Gamtong ni mpishi wa karamu. Huku kwetu mwanamume asiyejua kupika huonewa huruma, na yeye hakuna aliyewahi kumwonea. Amepika harusi na mazishi, amepika karamu za kijiji za meza mia moja uwanjani, jua na mvua. Mimi niliyeunganisha majiko ya wali yaliyojaa China nzima, nyumbani kwangu sikuruhusiwa kuinjika hata sufuria. Siku tulipoambiwa ugonjwa wangu, hakulia. Aliuliza nile nini. Kosa ni kwamba hakumwuliza daktari, alimwuliza kaka yake.

Kaka yake, Gamfai, aliugua saratani ya pua na koo, ugonjwa unaowapenda sana watu wa huku kusini. Walimchoma mionzi shingoni mpaka kinywa kikakauka na koo likawa kidonda. Gamtong akamwuguza kwa vyakula tunavyoviita baridi: choroko, mwani, peasi, tikiti maji, chai chungu ya mitishamba. Gamfai akapoa, akapona, na mpaka leo anatembea na chupa ya maji mkononi, anakunywa kila baada ya maneno matatu. Hukumu ya ukoo wao, ukoo wa Lo, ikapita hapo: mionzi ni moto, na moto huzimwa kwa vyakula baridi. Samaki, kuku na mayai vikapigwa marufuku, maana wazee wanasema vinauchochea uvimbe. Mimi, mwanamke wa Shunde, mahali ambapo mtoto hujua kutoa miiba kabla hajajua kuongea, wiki tatu nilikuwa sijaonja samaki.

Na kuharisha? Gamfai alikuwa na jibu la hilo pia. "Ni sumu inatoka, shemeji. Iache itoke. Ukimeza vidonge vya kufunga tumbo, unaufungia moto ndani." Vidonge vya hospitali vikalala kwenye droo. Nani angebishana na mtu aliyekwenda mpaka mlango wa kaburi akarudi, akaketi mezani pako?

Gamtong alikwenda kuchukua skuta, nami nikaingia peke yangu kwa Daktari Mak. Ni mwanamke mdogo wa umbo, kutoka kaskazini, hana maneno ya kupamba. Akanipandisha kwenye mizani, akatazama karatasi ya damu, akakunja uso.

"Umepungua tena. Na chumvi za damu zimeshuka, moyo haupendi hivyo. Vidonge unameza?"

"Nameza."

"Unakula nini?"

"Uji."

Akaweka kalamu chini. "Mama, nisikilize. Kesho ni Ijumaa. Kesho ukishindwa tena kulala kwenye ile mashine, nasimamisha matibabu wiki nzima mpaka tumbo litulie. Sitaki kufanya hivyo. Saratani hii ukiipa mapumziko katikati ya matibabu inajikusanya upya, na tukirudi tunaikuta si ileile. Nimewasimamisha watu kabla yako. Wengine nimewazika." Akanitazama. "Basi nakuuliza mara ya pili. Unakula nini?"

Nikamwambia yote. Choroko, mwani, peasi, tikiti, chai chungu, na vidonge vilivyolala kwenye droo. Hakucheka, na nilijiandaa kumtukana kama angecheka.

"Nani kakuagiza?"

"Shemeji yangu. Naye alichomwa mionzi, daktari. Vilimponya."

"Alichomwa wapi?"

"Puani. Na shingoni."

"Na wewe?"

Nikainamisha macho. Mkono wangu ulikuwa tumboni tangu nilipoketi.

"Yeye mionzi ilimkausha kinywa, akahitaji majimaji," akasema. "Wewe inakuchubua ngozi ya ndani ya matumbo. Utumbo wako sasa hivi ni kidonda. Maganda ya choroko, mwani, matunda mabichi, chai ya kusukuma choo, yote hayo ni kupitisha ufagio juu ya kidonda. Kuanzia leo vyakula laini, visivyo na makapi. Meza vidonge. Kunywa maji ya chumvi na sukari. Mwite mume wako nimwambie mwenyewe."

"Hapana," nikasema haraka. "Nitamwambia mimi."

Kumwambia mpishi wa Shunde, mbele ya mgeni, kwamba chakula chake kinamuua mkewe, ni heri umvue nguo sokoni. Niliona nitamwambia njiani. Lakini nilipokaa nyuma ya skuta nikamshika kiuno, nikaushika na mfupa wake wa nyonga. Na yeye alikuwa amekonda. Wiki tatu alikula nilichokula mimi, choroko kwa choroko, asije akala samaki mbele ya macho yangu. Tukavuka daraja, tukapita soko, tukafika nyumbani, na sikuwa nimesema neno.

Gamfai alikuwa ameshafika, mfuko wa mapeasi mezani, na kando yake chupa nyeusi.

"Mashine imekukataa, shemeji?" akauliza kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Akapiga funda la maji. "Nilijua. Moto umekuwa mwingi. Hii chungu nimekuletea ni ya yule mzee wa mtaa wa nyuma, si ile ya dukani ya watoto. Bakuli moja sasa, moja alfajiri. Kesho utaingia pale mtupu kama mtungi."

"Sinywi."

"Mgonjwa haulizwi uji."

"Huo si uji, Kaka Fai. Ungekuwa uji ningekunywa."

Akacheka. "Tong, mkeo ana mdomo mpaka kitandani. Shemeji, asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu. Guu langu ni zima, tatizo langu liko juu yake kidogo."

Gamtong hakucheka. Alikuwa amekwisha kumimina ile chai kwenye bakuli, analeta kwa mikono miwili kama anavyowapelekea wazee kwenye karamu. Akasimama mbele yangu.

"Kidogo tu, Saulin," akasema. "Mafunda matatu. Nitakupa na kipande cha sukari."

Nikalitazama bakuli. Nikiikataa kwa hila, kesho alfajiri italetwa nyingine. Nikiinywa, najua mahali nitakapokuwa Pun atakapoita jina langu.

"Gamtong, ni hii," nikasema. "Hii na choroko na mapeasi. Ndivyo vinavyonikimbiza chooni. Daktari kasema kesho nikishindwa wananisimamisha wiki nzima, na nikisimamishwa naweza kufa."

Bakuli halikutikisika. Alibaki amelishika palepale.

"Daktari gani?" Gamfai akadakia. "Yule wa kaskazini? Wao wanajua nini kuhusu joto? Mimi nimechomwa, mimi ndiye..."

"Wewe ulichomwa koo!" Nilipiga kelele, na dirisha la jirani lilikuwa wazi, na sikujali. "Ulichomwa koo, kaka! Mimi nachomwa matumbo! Wewe ukimeza unapoa. Mimi nikimeza nachanika!"

Akainua chupa yake ya maji, ikagonga meno, maji yakamwagikia kidevuni. Hakuyafuta.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayemuua mke wa ndugu yangu," akasema. "Sema basi. Niambie usoni."

Nilitaka kumwambia hapana. Shemeji yangu alikuwa akipanda mabasi mawili kila siku kuniletea mapeasi aliyochagua moja moja. Lakini nilikuwa naogopa kufa, na mtu anayeogopa kufa hana adabu.

"Sijui," nikamwambia.

"Kaka," akasema Gamtong, "nenda nyumbani."

Sijawahi kumsikia akimwamuru kaka yake, si kabla wala baada. Gamfai akachukua kofia yake. Mapeasi aliyaacha.

Gamtong akamwaga ile chai kwenye sinki. Kisha akaenda kwenye sufuria kubwa ya choroko, akaimwaga nayo, na choroko zikaziba tundu, maji yakapanda. Akawa anazitoa kwa vidole, gao kwa gao, bila haraka. Akasugua sufuria, akaifuta, akaitundika.

"Hukujua," nikamwambia.

"Wiki tatu," akasema. "Kila siku nilikaa hapa nikuone unamaliza bakuli. Usipomaliza nilinuna."

Akatoka akakaa mlangoni, uso barabarani. Saa ya chakula cha jioni ikafika, majirani wote wakaanza kukaanga, na jiko la Lo Gamtong lilikuwa baridi. Tangu anioe halijawahi kutokea, hata siku aliyomzika baba yake.

Nikameza vidonge. Nikapika wali, mimi, kwa jiko ambalo ningeweza kulifungua lote na kulifunga tena nikiwa nimefumba macho, na maji nikazidisha, ukatoka kama gundi. Nikala vijiko vichache, nikanywa maji ya chumvi na sukari, nikangoja tumbo linifanye litakavyo. Likanguruma, likanikimbiza mara moja, likatulia. Nikampelekea na yeye bakuli pale mlangoni.

"Kula."

"Nimeshiba."

Alichoshiba nilikijua.

Asubuhi ya Ijumaa tulikwenda bila kusemezana. Kwenye benchi nikanywa chupa yangu ya maji, Gamtong kando yangu, mikono mitupu juu ya magoti. Bila lile hotpoti alionekana kama mtu aliyesahau mtoto kwenye basi. Watu wakaitwa, wakaingia, wakatoka. Kibofu kikaanza kujaa. Nikajisikiliza chini ya kitovu jinsi mtu anavyosikiliza mwizi darini: kimya, halafu kitu kidogo, halafu kimya tena.

Mkazo ukaja. Nikasimama. Gamtong naye akasimama.

"Unakwenda?"

"Nyamaza."

Nikashika ukuta. Nikienda, kibofu kinamwagika, na wagonjwa walikuwa wengi siku ile, zamu ya pili isingenifikia kabla mashine haijafungwa. Nisipoenda, labda ningejichafulia palepale mbele ya umati. Jasho likanitoka mpaka kwenye kope. Bibi wa jana alikuwepo, akaniangalia, na safari hii akauinamisha uso wake kwa heshima, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Nikamshukuru kimoyomoyo. Mkazo ukapanda, ukasimama, ukafikiri, ukashuka. Nikakaa tena taratibu, robo ya tako kwa wakati mmoja.

"Ou Saulin!"

Kitanda, alama, mistari ya taa, mlango mzito. Mashine ikanizunguka kupiga picha, ikasimama. Nilijua kwamba upande wa pili wa ukuta watu wawili wanatazama matumbo yangu na kuamua.

"Mama," Pun akasema.

"Nini?"

"Hewa ipo, ila kidogo. Kibofu kimejaa vizuri sana. Naweza kuwasha. Lakini usikohoe, usicheke, usitukane."

"Washa, mwanangu."

Ikawaka. Mionzi haisikiki mwilini, haina joto wala maumivu, unasikia mvumo tu na mkono wa mashine ukikuzunguka. Hata sijui nani aliwaambia wazee ni moto. Ilipofika upande wa kulia mkazo ukarudi, mkali kuliko ule wa benchi, na kibofu nacho kikadai chake. Nikafumba macho. Nikasema moyoni: nichome, nichome upesi, mimi sitikisiki, hata dari ikiniangukia sitikisiki. Vidole vya miguu vilitetemeka vyenyewe, lakini hivyo viko mbali. Mvumo ukaenda, ukaenda, nikadhani wamenisahau. Kisha ukakatika.

"Imekwisha, mama."

"Imewaka yote?"

"Yote."

Nilikimbia chooni nikijua aibu inanifuata. Kilichotoka kilikuwa mkojo tu, mwingi. Nikakaa pale nikicheka peke yangu kama mwehu, machozi yananitiririka.

Gamtong alikuwa amesimama karibu kabisa na mlango wa choo cha wanawake, hajali anavyotazamwa.

"Imewaka," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi. Nikangoja furaha. Badala yake akasema, "Nimempigia simu Meiyan."

Meiyan ni binti yetu, anafanya kazi ya benki Guangzhou.

"Wa nini?"

"Ataomba likizo, aje akupikie mpaka umalize."

"Meiyan? Meiyan anaunguza maji."

"Basi tutanunua chakula hapa hospitali. Mimi sipiki tena, Saulin." Alisema kwa upole, kama mtu anayekuambia mvua itanyesha. "Nimeacha kuiamini mikono hii. Nikishika upawa naona nakutilia sumu."

Siku nilipoambiwa nina saratani nilishikwa ganzi tu. Maneno haya yaliniingia yakauma. Mwanamume huyu hakuwahi kuniambia ananipenda, hatuna mazoea hayo. Alinipa tumbo la samaki, sehemu laini, kila mlo, na yeye akachukua kichwa. Akiacha kupika, atabaki kuniambia nini? Na mashine bado ilikuwa inanidai wiki mbili.

Nikamkamata mkono wa shati, nikamburuta kwenye ukumbi, nikapita foleni yote mpaka mlango wa Daktari Mak.

"Mama, kuna foleni!" akafoka mtu.

"Iangalie usije ukaipoteza!" nikamjibu, nikafungua mlango.

Daktari Mak akainua macho. Nikamsukuma Gamtong kwenye kiti.

"Daktari, mwambie mume wangu anipikie nini. Usiniambie mimi, mwambie yeye. Ndiye mpishi."

Gamtong akavua kofia, akaishika magotini. Daktari akamtazama, akanitazama mimi, na nadhani akaelewa, maana aliacha ule ukali wake akaanza polepole. Wali mweupe, laini. Samaki wa mvuke, mafuta kidogo.

"Samaki anaruhusiwa?" Gamtong akauliza.

"Anaruhusiwa."

"Wa mto? Yule kambale?"

"Yeyote, akiwa amevuliwa karibuni na hana mafuta mengi. Kuku bila ngozi. Mayai. Karoti iliyomenywa ikapikwa mpaka inapondeka. Bakuli dogo, mara nyingi kwa siku."

Alirudia kila kimoja kwa sauti ya chini, kama kijana aliyeingia jikoni kwa mtu juzi. Mtu aliyelisha meza mia. Nilitazama ukutani, sikuweza kumtazama.

"Na uji," daktari akaendelea. "Lakini angalia punje. Zisiwe nzimanzima, zivunjike kabisa."

Gamtong akainua kichwa.

"Zivunjike, au ziyeyuke?"

"Zikiyeyuka ni bora zaidi."

"Nikiupika mpaka punje zimekwisha, halafu nikauchuja kwa kitambaa, ukabaki mweupe kama maziwa, usiwe na punje hata moja? Halafu ndani ya uji huo ukiwa unachemka nikaivisha vipande vya samaki, vyembamba, sekunde chache tu?"

"Kuna watu wanapika hivyo?" daktari akauliza.

Mtu wa kaskazini, angeujulia wapi uji wetu wa Shunde. Gamtong akaifuta pua yake kwa kofia.

"Huo naujua, daktari," akasema. "Huo naujua."

Akasimama, akakaa tena, akasimama. Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu jana yake akanitazama usoni.

"Una njaa?" akaniuliza.

"Nina njaa," nikamwambia, na ilikuwa kweli.